Rili ya Bei Mbaya: Uibebe au Uiache Guangzhou?

Muuzaji ataweka mezani rili mbili za namba 6000. Zote nyeusi, zote zinazunguka bila kelele. Moja yuan 150, ya pili yuan 900, na ndani ya kabati la kioo ipo ya tatu, ya Kijapani, inayovuka yuan 4,000. Wewe umekuja Guangzhou kufunga mzigo wa nguo au vipuri vya pikipiki, umelala Xiaobei, na kabla ya kuondoka unataka rili ya kuvulia kolekole Mafia au kadhaa za kuuza Mombasa. Hizo yuan za ziada zinanunua nini hasa?

Zinanunua breki, na uwezo wa kuzuia maji ya chumvi yasiingie ndani. Hayo mawili ndiyo yanayomgusa mvuvi wa pwani yetu. Vingine, yaani wepesi wa gramu chache, rangi na jina, ni raha ya mwenye pesa, na sina ugomvi na raha ya mtu mradi ajue anachokilipia.

Kwanza ujue unanunua katika mji wa watu gani. Wachina wengi huvua maji baridi, kwenye mito na mabwawa ya kulipia, tena kwa ufito mrefu usio na rili kabisa. Hata wanaotumia rili, wengi wanatupa chambo bandia kwa samaki wa kilo moja au mbili. Na katika bonde la Mto Zhujiang uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Machi 1 hadi Juni 30, kwa hiyo usishangae kukuta duka limepoa miezi hiyo. Muuzaji akikuambia rili yake haishiki kutu, huenda hasemi uongo, ila anafikiria bwawa. Mwambie unataka ya *haidiao*, uvuvi wa baharini, au mwonyeshe kwenye simu picha ya nguru au jodari. Utaona mara nyingi anaondoa nusu ya alizokuwa amezipanga.

Sasa breki. Wafanyabiashara wengi hutembea na mizani ndogo ya kupimia mabegi ya ndege. Hiyo hiyo ndiyo chombo chako. Ya springi yenye mshale ni bora kuliko ya kidijiti, kwa sababu ile ya kidijiti hujifunga kwenye namba moja wakati wewe unataka kuona mwendo. Omba rili iliyotiwa mshipi, au nenda na mita chache za kwako uzifunge barabara kwenye bobini. Funga ncha kwenye ndoano ya mizani, kaza breki kiasi, kisha vuta polepole huku mtu mwingine ameishika rili.

Tazama mshale pale bobini inapoanza kuachia. Kwenye rili nzuri unapanda hadi, tuseme, kilo 5, bobini inaanza kuzunguka na mshale unabaki hapo hapo. Kwenye rili mbovu unaruka hadi 8, kisha unaanguka ghafla hadi 4, kisha unapanda tena. Huo mruko wa kwanza ndio unaokata mshipi. Samaki mkubwa haukati akiwa anavuta sawasawa. Anaukata pale anapogeuka na kukimbia upya, breki ikakwama kwa nusu sekunde. Rudia jaribio mara nyingi, ukivuta haraka zaidi. Breki ikianza kutetemeka baada ya mivuto kumi, ndani kuna washa za felti kavu, na samaki wa kweli ataziunguza. Washa za kaboni hustahimili joto, na siku hizi zinapatikana hata kwenye rili za bei ya kati.

Usibabaishwe na namba ya breki iliyoandikwa kwenye boksi. Kilo 25, kilo 30! Kwa mshipi unaokatika kwa kilo 20, breki hupangwa kati ya robo na theluthi ya uwezo wake, yaani kilo 5 hadi 6 na ushee. Jaribu mwenyewe kushikilia kilo 12 kwa ufito ukiwa umesimama ndani ya boti inayoyumba Mkondo wa Pemba, uone utadumu dakika ngapi. Tena mshipi ukishatoka mwingi na kipenyo cha uliobaki kwenye bobini kikapungua kwa nusu, breki ile ile inavuta mara mbili bila wewe kuigusa. Ndiyo maana ulaini ni muhimu kuliko ukubwa.

Hesabu ya beringi ni ulaghai mwingine wa halali. Rili ya yuan 120 itajisifu kuwa na beringi 14, na ya yuan 900 ina sita. Beringi sita za chuma kisichoshika kutu, zilizofunikwa, ni bora kuliko kumi na nne ambazo baada ya mwezi mmoja wa Bahari ya Hindi zitalia kama kinu cha kusagia. Hizo sita zitazunguka kwa uzito kidogo dukani, kwa sababu zina grisi na sili. Rili inayojizungusha yenyewe muda mrefu ukiisukuma kwa kidole inapendeza machoni, lakini mara nyingi haina kitu cha kuzuia maji.

Upande wa chumvi, fungua kitufe cha breki na utoe bobini. Hakuna muuzaji wa kweli atakayekukatalia. Chini ya kitufe panatakiwa pawe na mpira wa sili, na kwenye mhimili pawe na mwingine. Kagua kiroda kidogo kinachopitisha mshipi. Hapo ndipo chumvi huanzia kazi yake, na kikikwama mshipi hujisugua hadi ukatike. Halafu shika mwili wa rili kwa mkono mmoja na mguu wake kwa mkono mwingine, upinde kidogo. Ukisikia unalegea, huo ni mwili wa plastiki ambao chini ya mzigo utaziacha gia zisikae sawa. Kwa samaki wa kilo tatu si neno. Kwa jodari wa kilo thelathini, gia zitasagana.

Kuhusu jina na mahali ilipotengenezwa, watu wetu wana dhana kwamba ya Japani ni nzuri na ya China ni takataka. Penn, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1932, hutengenezesha China rili zake nyingi za bei ya kati, na zinavua vizuri tu. Shimano, kampuni ya Japani, hutengenezea kwao zile za juu kama Stella, na nyingine nyingi hutoka kiwanda chake cha Malaysia. Kitu cha kuuliza ni daraja la rili, maana kiwanda kile kile cha Kichina kinaweza kutengeneza ya yuan 150 na ya yuan 900, kila moja kwa chuma chake.

Hatari ya kweli ni bandia. Rili inayoitwa Stella na inayouzwa yuan 600 mpya si Stella. Kwa anayenunua za kuuza nyumbani jambo hili lina meno: Kenya kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, Tanzania kuna Tume ya Ushindani, na mzigo wenye nembo ya kuibwa hukamatwa na kuteketezwa. Ni heri uchukue nembo ya Kichina isiyojulikana lakini ya halali, uijaribu kwa mizani, uiuze kwa jina lake.

Ukitaka ya Kijapani kwa bei ya kibinadamu, kuna Xianyu, soko la mtandaoni la vitu vilivyotumika. Wavuvi wa Kichina hubadilisha rili mara kwa mara, na iliyotumika misimu miwili kwenye maji baridi huwa bado bikira kwa viwango vyetu. Utahitaji mkalimani au wakala wako akununulie. Kwa vitu vipya vilivyonunuliwa mtandaoni, sheria ya China humpa mnunuzi siku saba za kurudisha bidhaa nyingi bila kutoa sababu, kwa hiyo agiza mapema, ifike ukiwa bado mjini, uipime chumbani.

Mwenye nia ya kuagiza kwa jumla na apange safari yake na Maonyesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou majira ya kuchipua na ya vuli tangu 1957, siku hizi eneo la Pazhou. Bidhaa za michezo na burudani kwa kawaida huwa kwenye awamu ya tatu. Ukienda awamu ya kwanza utakutana na mashine na vifaa vya umeme. Wengi wa wenye viwanda vya zana za uvuvi utakaowakuta wametoka mbali, hasa Weihai, mkoani Shandong, mji ambao ndio makao makuu ya biashara hii.

Basi nani anunue ipi? Mvuvi wa Ziwa Victoria anayewinda sangara kwa ufito hana chumvi ya kumsumbua. Achukue rili ya yuan 250 hadi 400 yenye breki laini, pesa nyingine aweke kwenye mshipi mzuri. Mtu wa Dar au Kilifi anayevua mwisho wa wiki kwa nguru na kolekole wa kawaida, akomee yuan 600 hadi 900. Hapo ndipo sili za kweli na washa za kaboni zinapoanza, na kupanda zaidi ya hapo kunamwongezea kidogo sana. Nahodha wa Watamu au Shimoni anayebeba wateja wanaolipa kwa siku ana hesabu tofauti: breki ikifa mteja akiwa ameshikana na sulisuli, amepoteza zaidi ya bei ya rili. Huyo, pamoja na yule anayewafuata jodari na kolekole wakubwa kwa makusudi, wana haki ya kufungua lile kabati la kioo. Mwenye ngalawa anayevua kwa mshipi wa mkono na kulisha familia, asiuziwe rili yoyote. Mikono yake ni breki bora kuliko zote zilizotajwa hapa.

Jambo moja huamua kuliko bei: vipuri. Rili ya yuan 4,000 iliyovunjika springi, Tanga nzima isipate springi hiyo, ni uzito wa kuzuia karatasi. Kwa hiyo nunua mbili au tatu za aina moja ili ikifa moja iwe ghala la nyingine, na kabla hujalipa dai mfuko wa washa, springi na viroda. Kiwandani ni vitu vya yuan chache, na muuzaji akiwa bado anataka pesa yako hatakunyima.

Ukishafika nyumbani, kila ukitoka baharini kaza breki, nyunyizia maji baridi kwa upole bila mpira wa kasi, futa, kisha legeza breki kabla ya kuhifadhi. Rili ya yuan 700 inayotunzwa hivyo itaishi kuliko ya yuan 4,000 inayotupwa na chumvi yake kwenye buti ya gari.