NIPENI MJI: CHIANG MAI, MJI "MPYA" WA KALE

Kitendawili! Tega! "Jina langu ni Mpya, lakini umri wangu ni miaka mia saba na ushei." Mmeshindwa? Basi nipeni mji. La, msinipe Mombasa wala Lamu, hiyo tumeizoea. Nipeni mji ulio kaskazini mwa nchi ya Thailandi, kiasi cha kilomita 700 kutoka Bangkok. Jibu ndilo hilo: Chiang Mai. Kwa lugha ya huko, Chiang ni mji wenye ngome, na Mai ni mpya.

Wanachama wenzangu na walimu wetu wapenzi, nimeuchagua mji huu kwa sababu moja. Wengi wetu hudhani mji ni majumba na barabara. Historia ya Chiang Mai yaonyesha kwamba mji ni watu na lugha yao. Ebu tuifuate hatua kwa hatua.

1. Kuasisiwa kwake

Chiang Mai uliasisiwa mwaka 1296 na Mfalme Mangrai, aliyetawala ufalme wa Lanna, yaani "mashamba milioni ya mpunga." Kabla ya hapo alikuwa amejenga Wiang Kum Kam kando ya mto Ping, lakini mafuriko yakamsumbua. Mangrai hakujiona mjuaji. Aliwaita wafalme wawili rafiki zake, Ramkhamhaeng wa Sukhothai na Ngam Muang wa Phayao, wakashauriana juu ya mahali pa kujenga. Walichagua uwanda ulio kati ya mto Ping na mlima Suthep. Wakajenga ukuta wa karibu mraba, kila upande ukiwa na urefu wa kilomita moja na nusu hivi, na kuuzungushia handaki la maji. Handaki hilo lingalipo hadi leo.

2. Enzi ya fahari

Katika karne ya 15, chini ya Mfalme Tilokarat, mji ulifika kileleni. Mnamo 1477 wanazuoni wa dini ya Kibudha walikutana katika hekalu la Wat Jet Yot kusahihisha vitabu vyao vitakatifu. Katika hekalu la Wat Chedi Luang palisimama mnara unaokadiriwa kufikia mita 80, na humo iliwekwa sanamu mashuhuri ya Budha wa Zumaridi. Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Mwaka 1545 tetemeko la ardhi liliangusha kilele cha mnara huo. Miaka michache baadaye sanamu nayo ikachukuliwa kwenda Luang Prabang. Siku hizi imo Bangkok.

3. Mji wabaki gofu

Mwaka 1558 majeshi ya Burma yaliuteka mji, na kwa zaidi ya miaka 200 Lanna ikawa mikononi mwa wageni. Waburma walipofukuzwa mnamo 1775, kilichobaki si mji tena. Vita na njaa vilikuwa vimewamaliza watu, na wachache waliosalia wakahama. Kwa takriban miaka 20 Chiang Mai ukawa gofu tu, vichaka vikiota mahali palipokuwa na masoko.

Aliyeufufua ni Kawila, mtawala kutoka Lampang. Aliingia rasmi mwaka 1796, miaka 500 kamili tangu Mangrai. Je, alianza na nini? Hakuanza na mawe. Alianza na watu. Wenyeji wa kaskazini wana msemo juu ya siku hizo: kuokota mboga na kuzitia kapuni, kuokota watu na kuwatia mjini. Tusidanganyane, jamani: wengi hawakuja kwa hiari. Walitekwa katika nchi jirani wakaletwa kwa nguvu, baadhi yao mafundi hodari. Wafua fedha wa mtaa wa Wua Lai, kusini mwa ukuta, ni wazao wa watu kama hao. Kumbe walioletwa kama mateka ndio waliokuja kuwa wenye mji!

4. Kumezwa na Bangkok

Karne ya 19 ikaleta makampuni ya Kiingereza yaliyotamani misaji ya misitu ya kaskazini, na Bangkok ikaona ni heri iikamate Lanna kabla Waingereza hawajaikamata. Mwaka 1886 binti wa mtawala, Dara Rasmi, alipelekwa Bangkok akiwa na miaka 13, akawa mke wa Mfalme Chulalongkorn. Ingawa alichekwa, hakuacha nywele zake ndefu wala sketi ya kufuma ya kwao. Aliporudi nyumbani mwaka 1914 alitumia miaka yake iliyosalia kustawisha ngoma na ufumaji wa kaskazini.

Sheria ya elimu ya mwaka 1921 ilifanya shule za msingi kuwa za lazima nchini kote, na lugha ya kufundishia ikawa ile ya Bangkok. Lugha ya kaskazini, kam mueang, ikabaki nyumbani na sokoni. Hati zake za kale, zilizochorwa kwenye majani ya mti wa jamii ya mtende, zikabaki na watawa na wazee. Ndiyo maana vijana wengi wa Chiang Mai wanaisema lugha ya babu zao, lakini wakipewa maandishi yake hawawezi kuyasoma.

Hata hivyo, watu hawakulala. Mwaka 1934 mtawa Khruba Siwichai, ambaye wakubwa wa dini walikuwa wamemshtaki mara kadhaa, aliwaita wananchi walime barabara ya kupanda hekalu la Doi Suthep, lililojengwa mlimani tangu 1383. Walikuja kwa maelfu na majembe yao. Barabara ya kilomita 11 hivi ilikwisha kwa muda usiozidi miezi 6. Si mchezo!

5. Mvuto wake

Leo mgeni huvutiwa na mengi. Mwezi mpevu wa Novemba, watu husherehekea Yi Peng kwa kuwasha taa za karatasi na kuelea vikapu vya majani mtoni. Kijiji cha Bo Sang hutengeneza miavuli ya karatasi itokanayo na maganda ya mti wa jamii ya mforosadi. Na chakula? Kuna khao soi, tambi katika mchuzi wa bizari na tui la nazi, chakula kinachohusishwa na wachuuzi Waislamu kutoka Yunnan, China. Msomaji wa pwani najua umekwisha kumeza mate. Dosari nayo ipo: kati ya Februari na Aprili moshi wa mashamba na misitu inayochomwa hufunika mji, hata mlima Suthep usionekane.

Siku hizi majina ya mahekalu mengi huandikwa pia kwa herufi za Lanna, na wapo vijana wanaojifunza kuzisoma upya. Kazi ya Kawila haijaisha. Sasa kinachookotwa na kutiwa kapuni ni maneno.

Nimewarudishia mji wenu. Sasa ni zamu yenu.

Maswali

1. Kwa nini Kawila alitafuta watu kwanza? Je, njia aliyotumia ilikuwa ya haki?
2. Eleza jinsi Dara Rasmi alivyohifadhi utamaduni wake akiwa ugenini.
3. Lugha inayosemwa lakini haisomwi imepoteza nini? Jadilini.