SOMO LETU: MBIO ZA MLIMANI TUZIPIMEJE?



Nusu marathoni ni kilomita 21 na ushei. Kwetu Taita urefu huo si kitu. Kazi ni vilima. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari, Wundanyi inapita mita 1,300. Kijana aliyezoea tambarare ya Voi akipanda barabara ya Mwatate hadi Wundanyi kwa mwendo uleule, pumzi humwishia mapema. Halafu nyumbani anaambiwa ni mvivu, eti saa imesema! Tumeona vijana wazuri wakiacha mbio kwa maneno kama hayo, na inatuuma.

Saa haijui mlima. Ukipanda, jipime kwa pumzi: ukiweza kusema maneno matatu manne, endelea, ukishindwa, fupisha hatua. Mteremko nao si mapumziko. Mapaja ndiyo breki, ndiyo maana kesho yake unashuka ngazi kama babu.

Cosmas Ndeti, Mkamba wa Machakos, alishinda mbio za Boston, Marekani, 1993, 1994 na 1995. Vilima vikali vya kule viko nusu ya pili. Mwaka 1994 nusu hiyo ndiyo aliyoikimbia kwa kasi zaidi, maana mwanzoni hakujimaliza.

Basi mkimbiaji wenu akirudi, msimwulize tu alikuwa wa ngapi. Mwulizeni: Pumzi ilianza kukatika wapi? Mlimani alitembea kwa kupanga au kwa kuishiwa? Mteremkoni alijizuia au alijiachilia? Katibu aandike majibu kwenye daftari la kikundi, yasomwe kabla ya mbio zijazo.