Choo Kingali na Joto

Wadogo zangu mlioko darasani, na ninyi wenzangu tuliokwisha kumaliza, nafanya kazi katika maabara ya hospitali, na kila siku napima vyoo vya watu wanaohara. Msicheke, ni kazi kama kazi nyingine. Nataka kuwaeleza kwa nini jibu letu hutegemea sana saa choo kilipotoka.

Mwaka 1681 Mholanzi aitwaye Leeuwenhoek alihara, akatazama choo chake mwenyewe kwa kioo cha kukuzia alichokitengeneza kwa mkono, akaona viumbe vidogo vikienda. Wataalamu wengi wanaamini kuwa walikuwa jiardia.

Basi, vijidudu hivyo vinavyokwenda havidumu vikiisha kutoka tumboni. Amiba wa kuhara damu hufa upesi, hivyo choo cha majimaji chapasa kutazamwe katika muda wa nusu saa. Twachota kidogo penye kamasi au damu, tukachanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kioo, kisha twaweka chini ya hadubini. Amiba aliye hai hutoa kama kidole, mwili wote ukamiminika kukifuata. Tukiona ndani yake chembe nyekundu za damu, twajua amemla mgonjwa. Jiardia huyumbayumba kama jani lidondokalo mtini.

Lakini wengi hutuletea choo cha jana usiku. Hapo twaandika “hatukuona kitu,” na mgonjwa hurudi nyumbani akidhani amepona, kumbe damu yazidi kumtoka.

Choo kilichoshikana ni habari nyingine. Humo twatafuta vifuko, ambavyo vina ganda na hustahimili zaidi. Tone la iodini huvipa rangi, tukahesabu viini vyake: kifuko kilichokomaa cha amiba mbaya kina 4, cha jamaa yake asiyedhuru kina 8. Shida ni kuwa yuko amiba mwingine asiyedhuru, naye ana 4 vilevile! Mwaka 1993 wataalamu walieleza wazi kuwa hao ni aina mbili, na jicho peke yake haliwezi kuwatenga vifuko vyao; chatakiwa kipimo cha protini za mdudu au cha vinasaba. Kwa hiyo si kila mwenye vifuko anahara kwa sababu yake.

Vifuko vikiwa haba, twatia formalini na etha, tukazungusha kwa mashine vikakusanyika chini. Kriptosporidiumu, awasumbuaye sana watoto wadogo na wenye Ukimwi, hutaka rangi maalumu. Ndipo huonekana mwekundu. Tena vijidudu havitoki kila siku, ndiyo maana twaomba vyoo 3 vya siku mbalimbali.

Mkitumwa kuleta, tafuteni chombo kikavu chenye mdomo mpana, mkojo usiingie, maana huwaua amiba. Andikeni na saa. Tukiisoma, twajua kama tumtafute amiba anayekwenda, au vifuko tu.