Sakafu ya Kupigwa Deki: Epoksi kwa Garaji za Nzilo na Kolwezi

Kijitabu hiki ni cha mwenye garaji, cha fundi anayeitwa kupaka, na cha familia inayolaza gari ndani ya ua. Kinaeleza namna ya kuchagua epoksi na kuipaka sakafuni ili isibanduke baada ya msimu mmoja wa mvua.

Vumbi linaloingia na tairi

Gari likiingia garaji kutoka barabara za Kolwezi huja na mzigo ambao hakuna aliyeupakia. Uko kwenye tairi, chini ya madigadi, juu ya chasisi. Sehemu yake ni udongo mwekundu wa kawaida, na sehemu ni unga wa mawe ya madini uliomwagwa na malori. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, akiwamo Daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha uchunguzi walioufanya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Waliona kwamba wakazi wa Kasulo, na watoto hasa, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa wa jirani ambako hakuchimbwi. Vumbi lilikuwa mojawapo ya njia ambazo metali ziliwafikia.

Sakafu ya saruji tupu haiwezi kutulinda na vumbi hilo. Ina vitundu vidogo vinavyolificha, nayo yenyewe humomonyoka na kutoa unga wake. Ukiifagia kavu, vumbi hupanda mpaka puani, likashuka tena baada ya dakika chache. Ukiimwagia maji, yananywewa, pamoja na oili na asidi ya betri. Sakafu iliyozibwa vizuri kwa epoksi hupigwa deki kila jioni: vumbi linashikwa na kitambaa chenye maji, linaingia ndooni, na mtoto anayecheza karibu na gari la baba halivuti. Kwetu sisi hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kupaka. Mng'ao ni nyongeza.

Kama garaji yako bado ni udongo mtupu, usinunue epoksi. Mwaga kwanza zege, hata kama ni chini ya gari moja tu.

Epoksi ni kitu gani

Wengi wanaijua tayari bila kuiita kwa jina. Gundi ya Araldite, ile ya mirija miwili inayochanganywa kabla ya kugundisha, ni epoksi. Kampuni ya Ciba ya Uswisi iliitangaza mwaka 1946. Ya sakafu ni ya ukoo huohuo. Kopo la kwanza lina utomvu wenyewe, la pili lina kigumishi. Kwenye makopo ya Kifaransa la pili huandikwa "durcisseur". Vikikutana, molekuli zake hushikana na kuwa kitu kimoja kigumu ambacho hakiwezi kuyeyushwa tena. Epoksi haikauki kwa kupoteza maji kama rangi ya ukutani. Inakomaa, na kukomaa huko kunahitaji kipimo sahihi na joto la kutosha.

Kwa hiyo rangi ya sakafu inayouzwa kwenye kopo moja, hata ikiandikwa epoksi kwa herufi kubwa, haitakuwa na nguvu ya ile ya makopo mawili. Huenda ni rangi ya mafuta iliyoongezwa epoksi kidogo. Rangi za mafuta hukauka kwa msaada wa chumvi za metali, nyingi zikiwa za kobalti, pengine kobalti iliyochimbwa hapahapa mkoani Lualaba. Lakini saruji ina tabia ya magadi, na mafuta yakikutana na magadi hugeuka sabuni. Rangi hulainika kuanzia chini na kubanduka kwa vipande. Usikubali pia utomvu wa poliesta, ule wa kutengenezea maboti na matangi ya faiba, uuzwe kwako kama epoksi. Una kigumishi cha aina nyingine kabisa, na kuchanganya vigumishi holela kunaweza kuwasha moto.

Epoksi zenyewe ziko za aina tatu. Ya maji ni nyepesi, haina harufu kali, inafaa kwa garaji ya nyumbani yenye gari moja. Ya kuyeyushwa kwa thina hupenya vizuri na ni nzuri kwa tabaka la kwanza, lakini mvuke wake huwaka na huumiza kichwa. Isiyo na kiyeyushi chochote ndiyo nzito kuliko zote, ghali kuliko zote, na ndiyo tunayoipendekeza kwa garaji ya kazi, yenye jeki, minyororo na injini zinazoteremshwa sakafuni.

Kuna jambo moja linalohusu mji wetu kuliko miji mingine. Viwanda vya shaba na kobalti hutumia asidi ya salfuriki kwa wingi, na malori yanayoibeba hutengenezwa katika garaji zetu. Epoksi ya kawaida huvumilia tone la asidi ya betri likifutwa mapema. Asidi iliyokolea, ile ya kwenye malori, inaiunguza. Kama unahudumia magari hayo, ulizia epoksi ya novolaki, iliyotengenezwa kwa ajili ya asidi kali, na uipake angalau pale yanapoegeshwa.

Jua nalo huigeuza epoksi kuwa ya njano, kisha ikawa na unga juu. Garaji yenye paa la malata na pande wazi inahitaji tabaka la mwisho la poliyurethani. Kigumishi cha poliyurethani chaweza kusababisha pumu, kwa hiyo kisipuliziwe kwa bomba bila vifaa kamili vya kupumulia. Tumia rola.

Kupima kabla ya kununua

Lita moja ya epoksi isiyo na kiyeyushi hufunika mita moja ya mraba kwa unene wa milimita moja. Kila hesabu inatoka hapo. Garaji ya mita 4 kwa 6 ni mita 24 za mraba. Tabaka mbili za milimita 0.2 kila moja ni milimita 0.4, yaani lita 9.6, ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vitundu na mabaki ya ndoo, nunua lita 11. Kama kopo linasema nusu tu ya kilichomo ni kitu kigumu, mahitaji yako ni mara mbili. Muuzaji anayekuahidi kwamba kopo la lita 5 litamaliza garaji nzima anakuuzia ngozi nyembamba ambayo tairi la moto litaing'oa.

Tazama pia tarehe, na kama makopo ya utomvu na kigumishi ni ya jozi moja. Bidhaa nyingi hutufikia kwa barabara ndefu kupitia Kasumbalesa, Lubumbashi na Likasi, na kopo lililokaa muda mrefu juani si sawa na lililokaa kivulini.

Sakafu yenyewe

Hapa ndipo kazi huharibika, siku kadhaa kabla kopo halijafunguliwa. Epoksi haina kosa kubwa. Inashika kile inachokikuta. Ikikuta vumbi, itashika vumbi. Ikikuta oili, haitashika kitu.

Zege jipya lisubiri siku 28. Zege la zamani lipimwe unyevu: bandika karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, kiasi cha nusu mita kila upande, kwa mkanda pande zote nne, uiache usiku kucha mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini yake, au zege limegeuka jeusi, maji yanapanda kutoka ardhini na yataisukuma epoksi juu. Subiri kiangazi kiendelee, kisha pima tena. Kama hali haibadiliki hata mwishoni mwa kiangazi, huenda sakafu hiyo haina nailoni chini ya zege; ulizia tabaka la kwanza lililotengenezwa kwa ajili ya zege lenye unyevu, au baki na saruji iliyopakwa siliketi ya sodiamu. Siliketi ni rahisi, inapunguza unga wa saruji, lakini haizuii oili wala asidi.

Kwa oili, mwaga matone ya maji sehemu mbalimbali. Yakinywewa, ni heri. Yakisimama kama shanga, pana oili au rangi ya zamani. Sugua kwa sabuni kali ya kuondolea mafuta na maji moto, suuza, rudia. Katika garaji iliyomwagiwa oili chafu miaka mingi, itapanda tena hata ukisugua mara tano. Ushauri wetu hapo ni mgumu lakini ni wa kweli: vunja kipande hicho, mwaga zege jipya, usubiri siku 28.

Kisha sakafu ikwaruzwe mpaka iwe na mparuzo wa msasa wa wastani. Mashine ya kusaga yenye jiwe la almasi ndiyo njia bora. Vumbi la zege lina silika, lilelile linaloharibu mapafu ya wachimbaji na kuwafungulia njia kifua kikuu, kwa hiyo saga kwa maji au kwa mashine yenye kifyonza, na uvae barakoa ya kuzuia vumbi laini. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii silika. Kama unasaga kwa maji kwa mashine ya umeme, hakikisha waya na soketi ni salama.

Wengine hutumia asidi badala ya mashine. Inayofaa ni ya haidrokloriki iliyozimuliwa kama lebo inavyosema. Asidi hutiwa ndani ya maji, kamwe maji yasitiwe ndani ya asidi. Tunasisitiza: usitumie asidi ya salfuriki eti kwa kuwa inapatikana Kolwezi. Ikikutana na chokaa iliyomo kwenye saruji hutengeneza jasi, ambayo hubaki juu kama ngozi laini, na epoksi yako itashika jasi badala ya zege. Baada ya asidi ifaayo, suuza mara kadhaa, kisha acha sakafu ikauke kabisa na uipime unyevu upya. Maji ya kusuuzia yasielekezwe kwenye mfereji wa barabarani. Mifereji ya Kolwezi huishia kwenye mito, na mito hiyo huingia mto Lualaba, ambako watu huvua na kuchota maji.

Nyufa zilizosimama zijazwe kwa epoksi nzito. Maungio yaliyoachwa makusudi kati ya vipande vya zege yasizibwe kwa kitu kigumu. Zege litacheza tu, na litapasua kile ulichoweka.

Mwezi wa kupaka

Epoksi nyingi hazikomai vizuri sakafu ikiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, wala hewa ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 85. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi huuma. Kigumishi kikipigwa na baridi na umande huleta utando mweupe wenye utelezi, na tabaka la pili halishiki juu yake. Kuanzia Oktoba mvua zinarudi. Kwetu wakati mzuri ni Agosti na Septemba: zege limekauka kwa miezi, na joto limerejea. Upepo wa vumbi ni adui wa miezi hiyo, kwa hiyo tundika maturubai yaliyoloweshwa milangoni.

Anza baada ya saa nane mchana. Asubuhi zege linapopata joto, hewa iliyomo vitunduni hutanuka na kutoboa viputo kwenye epoksi. Mchana ukigeuka, zege huvuta ndani badala ya kusukuma nje. Maliza mapema ya kutosha ili tabaka lianze kushika kabla ya baridi ya usiku.

Kuchanganya na kupaka

Changanya kwa kipimo cha kopo, si kwa jicho. Kuongeza kigumishi ili ikomae haraka huiacha laini na yenye kunata daima. Koroga polepole dakika tatu, ukikwangua pembe na chini, kisha hamishia ndoo nyingine safi na ukoroge tena. Usitegemee mashine ya umeme pekee. Umeme ukikatika katikati, mchanganyiko hausubiri. Mti safi wa kukorogea uwe karibu.

Kikiisha kuchanganywa, mimina chote sakafuni kwa mistari na ukitandaze kwa rola. Kikiachwa ndooni hujipasha moto chenyewe na chaweza kuganda ndani ya nusu saa, hata kutoa moshi. Changanya kidogo kidogo. Anzia ukuta wa ndani, ishia mlangoni. Juu ya tabaka la kwanza likiwa bichi, nyunyiza mchanga safi mkavu wa kwatsi mahali pa kutembea, maana epoksi iliyolowa maji huteleza na mtu anayebeba gia boksi hapaswi kuanguka. Tabaka la pili liwekwe kesho yake, ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukipita, piga msasa kwanza.

Vaa glavu za nitrili, miwani, na mikono mirefu. Ngozi ikishaikataa epoksi, huikataa kwa maisha: fundi huwashwa na kuvimba kila anapoisogelea, na wapo walioacha kazi kwa sababu hiyo. Ikikudondokea, futa, kisha osha kwa sabuni na maji. Thina na petroli huisukuma ndani zaidi. Watoto wasiwe karibu.

Tembea juu yake baada ya saa 24. Gari lisubiri siku 7.

Mabaki, na siku za baadaye

Kilichobaki kwenye makopo mawili kichanganywe kwa kipimo, kidogo kidogo, kigande, ndipo kitupwe kama taka ngumu. Thina iliyotumika iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko.

Asidi ya betri ikimwagika, nyunyiza magadi soda mpaka povu liishe, kisha deki. Chini ya jeki na stendi weka kipande cha ubao au mpira. Mahali palipokwaruzwa mpaka zege likaonekana, piga msasa kiasi cha kiganja kuzunguka jeraha, futa vumbi, na upake epoksi ileile kabla oili haijapata njia ya kupita chini yake.