Maumivu ya mgongo na viungo: namna ya kumfikia mtaalamu wa fiziotherapia

Kipeperushi hiki ni kwa wakazi wa kusini mwa Jeddah wanaozungumza Kiswahili, hasa wale ambao kazi zao ni kubeba mizigo, kufanya usafi au kusimama kutwa.

Fiziotherapia ni nini?

Ni tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi na mwongozo wa namna ya kutumia mwili. Kwa Kiarabu huitwa *ilaj tabii*. Jina hilo huwapotosha wengi wetu, wakadhani ni tiba asilia, yaani mitishamba au hijama. Sivyo. Huyu ni mtaalamu aliyesomea fani yake. Hukutazama unavyoinama, unavyotembea na unavyonyanyua kitu, kisha hukufundisha mazoezi ya kufanya nyumbani.

Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya majuma machache. Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli. Endelea na shughuli kadiri uwezavyo. Maumivu yakidumu, usiishie kununua dawa za kutuliza.

Je, naweza kumwendea moja kwa moja?

Nchini Uingereza, katika zahanati nyingi za mtaa, mgonjwa anaweza kumwona mtaalamu huyu bila kuanzia kwa daktari. Hapa, njia ya kawaida huanzia kwa daktari wa kituo cha afya, naye hutoa rufaa. Basi usingoje akutajie. Muulize mwenyewe kama unahitaji *ilaj tabii*.

- Miadi katika vituo vya Wizara ya Afya hupangwa kupitia programu ya Sehhaty. Kwa ushauri, piga simu 937.
- Ukiwa umeajiriwa katika sekta binafsi, bima yako ya afya ni wajibu wa mwajiri. Kabla ya kuanza tiba, uliza bima inagharimia vikao vingapi.

Siku ya miadi

Eleza kazi yako ilivyo, uzito unaobeba, na kama rukuu au sujudu inakuumiza. Kuswali juu ya kiti ni ruhusa kwa mgonjwa, ila hakuponyi goti wala mgongo. Mweleze ili akupe mazoezi yanayofaa. Ukipenda kuhudumiwa na mtu wa jinsia yako, sema wakati wa kupanga miadi.

Usimfanye mwanao kuwa mkalimani, hata kama Kiarabu chake ni kizuri. Utaulizwa kuhusu haja ndogo, haja kubwa na ganzi sehemu za siri. Mzazi huona haya akajibu "hakuna", na dalili ya hatari ikapita bila kujulikana. Nenda na mtu mzima unayemwamini.

Dalili zisizongoja miadi

Piga simu 997, Hilali Nyekundu, au nenda hospitali mara moja ikiwa maumivu ya mgongo yameambatana na mojawapo ya haya:

- ganzi kwenye sehemu za siri au kati ya mapaja;
- kushindwa kukojoa, au kushindwa kuzuia mkojo au choo;
- udhaifu wa miguu unaozidi;
- homa kali;
- kuanguka kutoka juu au ajali.

Kuchelewa kwa saa chache kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Tafadhali msomee jirani asiyejua kusoma.