Ukitaka Kufundisha Gerezani: Vidokezo kwa Walimu wa Kibondo na Kasulu

Kila mwaka vijana wanahitimu ualimu Kasulu na Kabanga, na wengi wanarudi vijijini, Kumsenga ikiwemo, kusubiri ajira. Wastaafu nao tunao, na sauti zao bado ni za darasani. Wakati huohuo, magerezani kuna watu wazima wasioweza kusoma hukumu zilizowapeleka huko. Kama umewahi kufikiria kujitolea, anza na haya.

1. Pitia taasisi. Mkuu wa Gereza atataka kujua nani anakudhamini, kwa hiyo barua yako itoke shuleni, chuoni, kanisani au msikitini. Taja unachotaka kufundisha, siku, saa na vifaa utakavyoingia navyo, mpaka idadi ya penseli. Kisha uwe na subira, maana ruhusa hupanda ngazi kabla ya kukurudia.

2. Saa ni ya gereza. Asubuhi wafungwa wako shambani, halafu kuna kuhesabiwa na kuna kufungiwa mapema. Andaa somo la dakika 40 ambalo likikatwa kwenye dakika ya 20 bado limempa mtu kitu. Simu iache getini. Na usimbebee mtu chochote, kiingie au kitoke, hata salamu ya mama mzazi kwenye kikaratasi. Kikaratasi kimoja kinatosha kufungisha darasa zima.

3. Usiulize kosa. Jina lake na darasa alilofikia vinatosha. Anayetaka kukusimulia atakusimulia mwenyewe.

4. Jua nani amekaa mbele yako. Huku kwetu darasa la gerezani halina lugha moja. Yupo Muha aliyekulia shambani, ambaye salamu yako ya "mwakeye" itamfungua kuliko hotuba ya nusu saa. Anaweza kuwepo pia Mrundi aliyetoka kambi ya Nduta au Nyarugusu, kwa sababu sheria yetu ya wakimbizi hairuhusu kutoka kambini bila kibali na wapo wanaofungwa kwa hilo. Huyu huenda alisoma kwao, kwa Kirundi na Kifaransa. Akiandika "cai" badala ya "chai", usimrudishe kwenye a-e-i-o-u. Anajua kusoma, ila amezoea tahajia ya kwao. Mwonyeshe tofauti chache za herufi na atakwenda mbio. Nimeona mwalimu akimweka mtu wa namna hii pamoja na wasiojua herufi kabisa, na mtu akaacha kuja. Kiha na Kirundi vinasikilizana vizuri sana, kwa hiyo mwalimu wa Kumsenga ana kitu ambacho mwalimu kutoka Dar es Salaam hana. Kitumie.

5. Fundisha kinachomkaba leo. Waliosoma kisomo cha watu wazima enzi za Mwalimu Nyerere, aliyeutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, wanakumbuka vitabu vilivyozungumzia mazao yao wenyewe. Fanya hivyohivyo. Hesabu ziwe za madebe na magunia ya maharage.

Na kuna hesabu moja isiyosubiri. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe, ukitoa muda wa kungoja nakala za hukumu. Leta kalenda. Mfundishe kusoma tarehe iliyo juu ya karatasi yake, kisha ahesabu mwenyewe kwa kidole. Hukumu ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, msomee polepole kwa Kiswahili. Ishia hapo: usimwandikie rufaa wala kumpa matumaini ya kesi. Omba uongozi wa gereza umkutanishe na msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

6. Kumbuka mkono wa jembe. Mtu aliyelima tangu asubuhi hubana penseli mpaka ncha inavunjika na karatasi inatoboka, kisha anaificha kwa aibu. Mwanzishe kwa chaki ubaoni, herufi kubwa za bega zima. Daftari litafuata.

7. Tafuta mwalimu aliye ndani. Wewe unakuja mara moja kwa wiki, naye yupo siku zote. Susan Kigula wa Uganda, aliyekuwa amehukumiwa kifo, alifundisha wafungwa wenzake gerezani Luzira huku yeye mwenyewe akisoma sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa masafa. Kesi iliyobeba jina lake ndiyo iliyofanya Mahakama ya Juu ya Uganda, mwaka 2009, ikatae adhabu ya kifo kuwa ya lazima. Alitoka 2016. Kwa hiyo nusu ya nguvu zako zielekeze kwa wawili watatu wanaosoma vizuri, na uwafundishe kufundisha.

8. Jiandae mwanafunzi kuondoka ghafla. Mahabusu anaweza kuachiwa au kuhukumiwa wakati wowote, mfungwa anaweza kuhamishwa gereza, na Aprili 26 au Desemba 9 msamaha wa Rais unaweza kukuachia viti vitupu. Ni habari njema, ila masomo yanakatika. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, za 2015, zinataka elimu ya gerezani ishikamane na mfumo wa elimu wa nchi ili mtu aendelee akitoka. Kwa hiyo weka kumbukumbu ya kila mmoja: amefika wapi kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), kitabu gani, ukurasa upi. Mwambie mapema kwamba mwenye elimu ya msingi anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwamba Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ndiyo ya kuiulizia. Kumbukumbu hiyo andika nakala mbili na uombe uongozi ubaki na moja, ili ya pili akabidhiwe mwenyewe siku anapotoka getini.