Kazi ya Mhandisi wa Programu na Matayarisho Yake

Mwaka huu kila mwanafunzi wa kidato cha nne ametakiwa kuchagua masomo ambayo angependa kuyaendeleza katika kidato cha tano. Nilipoandika kwamba nataka Fizikia na Hisabati, ili baadaye niingie chuo kikuu kujifunza uhandisi wa programu za kompyuta, wenzangu walicheka. "Wewe unapiga chapa polepole kuliko sisi sote," alisema mmoja wao. Ni kweli, mimi hutumia vidole viwili. Lakini neno lake lilinionyesha kwamba watu wengi hudhani kazi hiyo ni kupiga chapa. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka mwaka jana, nilipofanya kosa ambalo nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu.

Mwishoni mwa muhula wa kwanza mwaka jana, mwalimu wa taaluma alikuwa akikesha ofisini akijumlisha alama za darasa letu kwa kikokotoo. Sisi tupo 43, na masomo yetu ni 9. Nikamwomba ruhusa nimtengenezee jedwali katika kompyuta, yeye aingize alama tu, na kompyuta ijumlishe, itoe wastani, na kupanga nafasi. Aliniruhusu kwa furaha. Kazi niliimaliza kwa jioni mbili, na ripoti zote zikachapwa siku moja. Nilisifiwa mbele ya shule nzima wakati wa mkusanyiko wa asubuhi, nami nikajiona mtu mkubwa.

Rafiki yangu mmoja wa bwenini alikuwa ameugua malaria wakati wa mitihani, akakosa karatasi mbili. Zile 7 alizozifanya alipata jumla ya alama 448, yaani wastani wa 64. Lakini mimi niliagiza kompyuta igawe jumla ya kila mtu kwa 9. Basi wastani wake ukawa 49.8, na badala ya kuwa wa 6 akawa wa 31. Alipofika nyumbani aliwaeleza wazazi wake kwamba alikuwa mgonjwa. Hawakumsadiki. Baba yake alimjibu kwamba karatasi imeandikwa na kompyuta, na kompyuta haikosei. Likizo ile yote alishinda shambani, na fedha za masomo ya ziada alizokuwa ameahidiwa akapewa mdogo wake.

Muhula ulipofunguliwa alinionyesha ripoti ile bila kunilaumu, maana hakujua. Nilipiga hesabu kwa kalamu mara tatu, nikitumaini kwamba nimekosea. Kisha nikaenda kwa mwalimu. Yeye alisikitika, akanionyesha daftari lake la miaka ya nyuma. Mahali pa mtihani usiofanywa alikuwa akipiga mstari mfupi kwa wino mwekundu, na mstari huo maana yake ilikuwa "usihesabu somo hili". Miaka yote alifanya hivyo. Hakuniambia kwa sababu kwake lilikuwa jambo la kawaida, na mimi sikumwuliza.

Siku ya wazazi nilimwendea baba wa rafiki yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo aliyekosea si mashine?" Nikamjibu, "Si mashine, mzee. Ni mimi."

Baada ya hapo alikuja kututembelea kaka mmoja aliyesoma shule hii zamani, ambaye sasa yupo Chuo Kikuu cha Dodoma. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 2007, na katika ndaki yake ya kompyuta hufundishwa shahada ya uhandisi wa programu. Nilipomsimulia kosa langu hakushangaa hata kidogo. Alisema kwamba chuoni jambo hilo lina somo lake kamili. Kabla mwanafunzi hajaandika programu hufundishwa namna ya kumhoji mtu atakayeitumia, kuandika mahitaji yake kwa maneno yaliyo wazi, na kumsomea ili aseme kama ndivyo. Akaniambia kwamba kupiga chapa ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kuuliza, kuandika, kukagua, na kutengeneza yale yaliyoandikwa na watu wengine miaka iliyopita.

Jina lenyewe la uhandisi wa programu si la zamani sana. Lilipata kujulikana mwaka 1968, wataalamu walipokutana mji wa Garmisch huko Ujerumani. Walikuwa na shida moja: kompyuta zilikuwa zikiongezeka nguvu upesi, lakini programu zilikuwa zikichelewa, zikigharimu fedha nyingi kuliko ilivyokadiriwa, na zikiwa na makosa mengi. Wakaona ya kuwa haitoshi mtu kuwa hodari wa kuandika programu peke yake chumbani. Lazima zijengwe kwa utaratibu, kama wahandisi wajengavyo madaraja.

Nataka nieleze kwa kirefu kosa moja kubwa lililopata kutokea, kwa sababu hesabu yake ni ya kiwango chetu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba setilaiti 4 za utafiti. Ilipaa vizuri kwa muda wa sekunde 37 hivi, kisha ikapinda ghafula, ikavunjika na kulipuka. Chombo hakikuwa kibovu wala mafuta hayakuwa machafu. Kosa lilikuwa katika programu ya kuonyesha roketi iko wapi na inaelekea wapi.

Kompyuta huhifadhi namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Ukiwa na nafasi 16 za tarakimu hizo unaweza kuandika namba 65,536 zilizo mbalimbali. Nusu zikitumika kwa namba hasi, basi namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa ni 32,767. Programu ile ilikuwa inachukua namba moja ya mwendo wa roketi, iliyohifadhiwa katika nafasi 64, na kuiingiza katika nafasi 16. Ni kama mtu anayetaka kumimina gunia zima katika debe. Namba ilipozidi 32,767 programu ilishindwa, ikasimama. Kulikuwa na kompyuta ya akiba kwa hatari kama hiyo, lakini ilikuwa na programu ile ile, nayo ilikwisha kusimama kwa sababu ile ile.

Msomaji atauliza, je, walioandika walikuwa wajinga? Hapana. Programu ile ilitolewa katika roketi ya zamani, Ariane 4, ambamo namba hiyo haikuweza kufikia ukubwa huo, na ilikuwa imefanya kazi miaka mingi bila matata. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa kwenda upande. Hakuna aliyelijaribu jambo hilo kwa namba za roketi mpya. Na linalosikitisha zaidi ni kwamba hesabu yenyewe haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini.

Roketi ile haikuwa na mtu ndani. Lakini kati ya mwaka 1985 na 1987, huko Marekani na Canada, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa 6 mionzi mingi mno, na baadhi yao wakafa. Mashine za zamani za namna ile zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme. Katika hiyo mpya vizuizi vikaondolewa, ikatumainiwa programu. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka yule mzee aliyesema kompyuta haikosei.

Huenda wengine wakasema kwamba roketi si mambo yetu. Basi na watazame nyumbani. Mama anunuapo umeme wa LUKU kwa simu hupokea tarakimu 20, akaziingiza katika mita, taa zikawaka. Kati ya fedha zake na taa ile kuna programu nyingi zinazopokezana, zilizoandikwa na watu ambao hawajuani. Mahali pamoja pakikosewa, fedha zimekwenda na nyumba ina giza. Benki, hospitali, na ofisi za Serikali zote zimefika hapo, nazo zinahitaji watu wa kuandika programu hizo na hasa watu wa kuzitunza.

Sasa niseme juu ya njia ya kufika huko. Anayefaulu kidato cha nne anaweza kwenda kidato cha tano na cha sita, akasoma tahasusi yenye Hisabati, kisha akaomba chuo kikuu. Huko kozi huchukua miaka mitatu au minne kwa kadiri ya chuo. Anaweza pia kwenda moja kwa moja kusoma stashahada katika chuo cha ufundi, kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na baadaye akaendelea na shahada. Njia hii ya pili wanafunzi wengi huidharau bila sababu. Mwenye uwezo mdogo huweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, lakini ni lazima atunze vyeti vyake tangu sasa, hasa cha kuzaliwa. Wengi huanza kukihangaikia wakati siku za kuomba zinakwisha.

Chuoni kuna hisabati za mantiki na za hesabu ya bahati, kuna uandishi wa programu, namna ya kupanga data ili ipatikane upesi, mitandao, majaribio ya programu, na uongozi wa kazi. Wakati wa likizo ndefu wanafunzi hupelekwa kufanya kazi katika makampuni na maofisi, na mwaka wa mwisho kila mmoja hutengeneza mradi wake na kuutetea mbele ya walimu. Yule kaka aliniambia kwamba waliomshinda darasani si wale waliokuja na kompyuta zao za thamani, bali wale waliojua kuandika maelezo yanayoeleweka. Hilo lilinifanya niache kuyaona masomo ya Kiswahili na Kiingereza kuwa ya kupitisha muda.

Baba yangu ni fundi mwashi, na hakukubali upesi. Aliniambia, "Mwanangu, hapa mtaani yupo kijana mwenye shahada ya kompyuta naye anauza vocha. Tena nasikia siku hizi mashine zinajiandikia programu zenyewe. Wewe utafanya nini?" La kwanza sikuweza kumpinga, maana kijana huyo namjua. Kazi haimngojei mtu kwa kuwa ana cheti. Juu ya la pili nilimjibu kwamba ni kweli, zipo programu ambazo ukiziagiza kwa maneno hukuandikia programu nyingine katika dakika chache. Lakini jedwali langu lilifanya sawasawa vile nilivyoliagiza. Kama ningeiagiza mashine ya namna hiyo igawe kwa 9, ingegawa kwa 9, tena upesi kuliko mimi. Baba akafikiri, akasema, "Mimi ukuta naupima kwa timazi. Wewe utapima kwa nini?"

Swali hilo lilinikalia kichwani wiki nzima. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine chache, na kila darasa hupata saa moja kwa wiki, kwa hiyo wakati wa prepu hutumia karatasi. Nimejizoeza kuandika majaribio kabla sijaandika programu. Katika jedwali la alama nilijiuliza hivi: Aliyefanya masomo yote atapata nini? Aliyekosa moja je? Aliyekosa yote je? Huyu wa mwisho ni hatari, kwa sababu kompyuta itatakiwa kugawa kwa sifuri, nayo haiwezi. Aliyefanya mtihani akapata sifuri ya kweli je? Sifuri yake sharti ihesabiwe, lakini nafasi tupu isihesabiwe. Wawili hao wanafanana sana katika karatasi, na ndipo nilipoanguka. Na mwalimu akiteleza akaandika 640 badala ya 64? Jedwali la kwanza lingemfanya mtu huyo awe wa kwanza darasani bila kuuliza. Kila jaribio huliandika pamoja na jibu ninalolitazamia, nililolipata kwa kalamu, ndipo saa yetu ifikapo nakwenda kulinganisha. Mwanafunzi yeyote anaweza kujizoeza hivyo hata kama shule yake haina kompyuta.

Jedwali jipya limekwisha kuandikwa. Mwaka huu mwalimu wa taaluma amekuwa akipiga hesabu kwa mkono pia, kisha tunalinganisha. Katika mtihani wa Machi majibu yalitofautiana mara mbili. Mara moja kikokotoo kilibonyezwa vibaya. Mara ya pili kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikufikiri juu ya mwanafunzi aliyehamia shuleni kwetu katikati ya muhula na kuanza na masomo 8. Kosa hilo nimelirekebisha na kuliongeza katika orodha ya majaribio, ambayo sasa yamefika 14. Maelezo yote, kurasa 4 kwa mwandiko wangu, yapo katika ofisi ya taaluma.

Mwezi Novemba sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani wa taifa na kuondoka. Ninamtafuta mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu, mvulana au msichana, atakayeipokea kazi hii kabla ya Septemba. Aje bweni la pili baada ya chakula cha jioni, au anione maktaba siku ya Jumamosi. Si lazima awe anajua kupiga chapa upesi.